Namna ya kuwa asistanti sosiali wa watoto wenye kesi, Lubumbashi

Hapa tunaeleza kazi ya kusimamia vijana wenye kesi nchini Kongo. Kazi hiyo hufanywa na asistanti sosiali (afisa wa ustawi wa jamii) ambaye hakimu wa Tribinali ya Watoto, yaani mahakama ya watoto, amemteua, na mara nyingi anatoka idara ya Mambo ya Kijamii, ile watu wanaiita DIVAS.

Kabla ya kuchagua chuo, soma Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Asiyetimiza 14 hahesabiwi hatia kabisa: hakimu anamwachilia na kumkabidhi kwa asistanti sosiali au mwanasaikolojia amsindikize. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18, hakimu anachukua hatua za kumlinda na kumlea upya, na mojawapo ni kumwacha kwao nyumbani, chini ya uangalizi wa asistanti sosiali.

Upande wa masomo, unahitaji diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Sehemu ya sosiali au pedagojia inasaidia, ila zingine hazifungi mlango. Kisha ISES Lubumbashi (chuo cha juu cha masomo ya kijamii) kwa kazi ya kijamii, au UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) kwa saikolojia, sosiolojia au sheria. Sisi tunapendekeza kazi ya kijamii, halafu sheria ujisomee, kwa sababu kukaa na familia yenye hasira ndiko kugumu zaidi kujifunza peke yako. Chini ya LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora, lisansi ni miaka 3. Mfumo wa zamani ulikuwa miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Tangazo la kazi likisema "lisansi", uliza ni ipi.

Staji, yaani mafunzo ya kazini, ndiyo inayotenganisha watu. Usikubali kumaliza miezi ukipanga mafaili tu. Omba kufuata kesi tano hivi za uchunguzi wa kijamii (kumtembelea mtoto na familia yake ili kumwandikia hakimu ripoti), kila moja toka ziara ya kwanza mpaka siku ya kusikilizwa, ambayo hufanyika kwa faragha, bila watu wa nje.

Faili lako liwe na diploma, hati ya kuzaliwa, hati ya tabia njema ya komini, cheti cha daktari na hati ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inayoonyesha kama uliwahi kuhukumiwa. Hii ya mwisho usiitafute mapema mno, maana ofisi hutaka ya karibuni. Kuingia utumishi wa Serikali ni kwa konkuru, yaani mtihani wa ushindani. Kuna wanaofanya kazi muda mrefu bila namba ya matrikile (namba ya mtumishi wa Serikali) wala mshahara, kwa hiyo kabla ya kusaini uliza waziwazi nani atakulipa, na nani atalipa transpori ya kwenda komini kama Katuba, Ruashi au Annexe. Asistanti asiye na transpori anaandika ripoti bila kufika nyumbani, na mtoto ndiye anayeumia.

Uchunguzi wenyewe uanze na umri. Tafuta hati ya kuzaliwa. Ikikosekana, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au daftari la shule ya msingi. Umri ukibaki na shaka, anahesabiwa mtoto. Polisi wakiandika "miaka 19" kwa kumtazama urefu, usiinakili: andika karatasi gani umeiona na gani hukuiona.

Nyumbani, pita kwanza kwa shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) kujitambulisha, lakini usimwambie kesi. Mlangoni salimia wakubwa, kaa, ngoja. Ukianza na maswali ya wizi mbele ya majirani, familia itafunga midomo na mtoto atapata jina baya mtaani. Uliza nani anapika, nani analipa shule, mtoto analala wapi, aliacha shule lini na kwa nini. Mtoto akisema "papa", uliza kama ni aliyemzaa au baba mdogo. Kosa hilo moja linaweza kumfanya hakimu amkabidhi mtoto kwa mtu asiyemlea.

Halafu sikiliza aliyekosewa. Anataka kitu chake kirudi, au anataka kuombwa radhi? Sheria inaruhusu upatanishi kwa makosa yasiyo mazito, na ripoti yako ndiyo itakayoonyesha kama pande mbili zinaweza kukaa pamoja.

Ripoti inaandikwa Kifaransa, na mtoto alisema Kiswahili. Hapo ndipo tunaona madhara makubwa zaidi. Mtoto wa hapa akisema "nilikamata simu", anaweza kumaanisha tu kwamba aliichukua mkononi. Ukitafsiri "aliiba", umemkirisha kosa. Weka maneno yake kama alivyosema, kisha tafsiri pembeni. Tenga pia ulichokiona na macho, ulichoambiwa, na unachofikiri.

Mwishoni pendekeza hatua inayowezekana. "Arudi shule" haitoshi: taja shule ipi, nani atalipa, kuanzia lini. Kama nyumbani kuna kipigo, sema wazi, upendekeze kituo kinachokubaliwa na Serikali au mume na mke wenye mwenendo mwema.

Akiachwa chini ya uangalizi wako, ziara za mwanzo ziwe karibu karibu, kila juma, kwa sababu majuma ya kwanza ndiyo marafiki wa zamani wanamrudia. Badilisha siku na saa. Zungumza naye peke yake angalau dakika 20 kabla ya kuwaita wazazi. Andika tarehe, nani alikuwepo, nini kimebadilika. Akikosekana mara mbili mfululizo, usingoje ya tatu: mtafute shuleni, sokoni na kwa bibi yake, kisha mjulishe hakimu kwa barua siku hiyohiyo.