Vinywa na mikono: namna ya kuipima kaya kabla ya kuisaidia

Bati si kipimo. Huenda nyumba iliezekwa mwaka ule tumbaku ilipolipa, na leo wenyewe wanalalia uji. Ukitaka kujua hali ya kaya kijijini, nenda na daftari, mzani mdogo wa kuning'iniza, na nafasi ya kukaa saa mbili mkekani.

Anza na watu. Wanakaya ni wale wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kijana aliyehamia Dar es Salaam hahesabiwi, ingawa mara nyingi ndiye anayetajwa wa kwanza; anachotuma kiandike kwenye mapato. Wanaosahaulika ni wajukuu walioletwa kwa bibi, kwa hiyo badala ya "mko wangapi?" uliza "jana usiku nani walikula hapa?"

Sasa tafuta utegemezi: jumlisha walio chini ya miaka 15 na waliofikisha 65, gawa kwa idadi ya waliobaki, zidisha kwa 100. Chukua kaya ya mfano yenye bibi wa miaka 70, baba 45, mama 41, na watoto wa miaka 17, 13, 10, 6 na 2. Wategemezi ni 5, wenye umri wa kazi 3, unapata 167, yaani wategemezi 167 kwa kila watu 100 wenye umri wa kazi. Lakini wa miaka 17 yuko sekondari, na baba ana kidonda cha kisukari, jembe hashiki. Vinywa vinane, mikono ya mama peke yake. Hesabu ya umri haikuonyeshi hilo, ndiyo maana mbele ya kila jina andika kazi aliyofanya siku saba zilizopita na siku alizoumwa.

Kipato usikiulize moja kwa moja. Mkulima hana mshahara wa kukutajia, na akihisi kuna msaada atapunguza. Uliza matumizi: chumvi, mafuta ya taa, kusaga, dawa, daftari. Hata utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara wa 2017/18 ulipima umaskini kwa matumizi, na mstari wa mahitaji ya msingi ukawa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Usiutumie mstari huo leo, bei zimepanda.

Kwenye mahindi tulia. Pima unga unaopikwa kwa siku saba mfululizo. Tuseme kaya yetu inapika kilo 2.5 kwa siku: kwa mwaka ni kilo 912. Wakisaga dona wanahitaji magunia tisa na kidogo ya kilo 100. Wakikoboa sembe na robo ikaishia kwenye pumba, wanahitaji kumi na mawili. Ikiwa wamevuna kumi na manne, wakauza saba Julai bei ikiwa chini ili walipe madeni, saba yaliyobaki kwa sembe yanaisha mwishoni mwa Januari. Kwa dona yanafika mwanzoni mwa Aprili, ambapo Nyanda za Juu Kusini mahindi mabichi yameshaanza kuchomwa. Hapo hujahesabu panya wala dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani.

Dumuzi hushindwa na mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, mradi mahindi yamekauka. Weka punje kwenye chupa kavu hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, bado si 13 inayofaa kuhifadhi. Anika siku moja zaidi. Funga kila tabaka peke yake. Tundu dogo tu la panya, hewa inaingia na kazi yote imepotea.

Madeni waulize mume na mke kila mmoja peke yake, maana majibu hutofautiana. Tafuta hasa zao lililouzwa likiwa bado shambani, lile ambalo Kagera kwenye kahawa huitwa butura. Andika kilichopokelewa, mwezi, na kitakachotolewa. Aliyepokea thamani ya gunia moja Februari na kulipa mawili Julai hana tatizo la uvivu. Mvuno wake una mwenyewe tayari.

Ziara ya pili ifanye Januari. Ya Julai hukuta kila mtu ana mahindi.