Namna ya kusoma historia ya uliberali na kupima mustakabali wake

Chukua karatasi, uchore safu tatu: nani anawekewa mipaka, kwa chombo gani, na nani kaachwa nje. Usianzie kwenye kamusi, kwa sababu maana ya neno “uliberali” imehama mara nyingi; kwa kuanzia, lichukulie kama fikra ya kuyawekea mamlaka mipaka ili kulinda uhuru wa mtu.

Anza na Uingereza ya 1689. Aliyewekewa mipaka ni mfalme: alikatazwa kutoza kodi wala kusimamisha sheria bila idhini ya Bunge. Safu ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo nzito. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza anayehesabiwa baba wa uliberali, alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyofanya biashara ya watumwa. John Stuart Mill, mtetezi mkubwa wa uhuru wa mtu binafsi, alikuwa mwajiriwa wa East India Company, kampuni ya Kiingereza iliyotawala India, kuanzia 1823 hadi 1858, na aliona utawala wa mabavu ni halali kwa watu aliowaita washenzi. Safu hii ikibaki tupu, umeandika sifa, si historia.

Kisha tafuta mpasuko. Mwaka 1846 waliberali wa Uingereza walishangilia kufutwa kwa ushuru wa nafaka, wakitaka serikali iondoe mkono sokoni. Mwaka 1908 serikali ya Chama cha Kiliberali ilianzisha pensheni ya hadi shilingi 5 kwa wiki kwa wazee wa miaka 70. Umaskini wa viwandani ulikuwa umewaonyesha kwamba njaa nayo hufunga watu. Tangu hapo matawi ni mawili, moja likitaka serikali iondoke sokoni, jingine likitaka iwasaidie maskini; kwa hiyo ukisikia “mliberali”, uliza kwanza ni wa tawi lipi.

Kwenye mustakabali, kosa kubwa ni kutazama uchaguzi peke yake. Hungaria iliendelea kupiga kura huku umri wa majaji kustaafu ukishushwa kutoka 70 hadi 62, na wakongwe wakatolewa kwa mkupuo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipinga hatua hiyo mwaka 2012. Basi kagua kwanza nani anateua majaji, halafu nani anamiliki vyombo vya habari, halafu nani anachora majimbo ya uchaguzi.

Mwisho, andika manung’uniko ya wapiga kura bila kuyadharau. Mwaka 2008 mabenki yaliokolewa kwa fedha za umma huku familia nyingi zikipoteza nyumba. Anayeita hasira hiyo ujinga atakosea kila utabiri. Rudia ukaguzi huu kila sheria kubwa inapopitishwa, usingoje uchaguzi.