Karavani ya tone kwa seti ya plaiwudi: uzito na maji

Karavani ya tone ni chumba cha kulala watu wawili kinachovutwa na gari dogo. Mbele pameviringana, nyuma pameteremka, na chini ya mfuniko wa nyuma ndipo jiko linapokaa. Wamarekani wamekuwa wakiziunda tangu miaka ya 1930. Seti za plaiwudi za siku hizi, kama ile ya Chesapeake Light Craft ya Annapolis, Maryland, kampuni iliyojulikana kwanza kwa seti za mashua, zimeazima ufundi wa mashua moja kwa moja. Vipande huja vimekatwa tayari kwa mashine ya kompyuta, unavishona kwa waya wa shaba, unavigandisha kwa epoksi (gundi ya resini inayochanganywa na kikaushio), kisha unavivika kitambaa cha faiba, yaani cha nyuzi za kioo. Hakuna fremu ndani. Ganda lenyewe ndilo linalobeba mzigo.

Mtu wa Lamu atasema huo ni mtepe. Karibu, ila kwenye mtepe kamba ya makumbi ndiyo inayoshika chombo maisha yake yote, na hapa waya ni wa muda: epoksi ikishakauka unang'olewa.

Plaiwudi inayotumika kwa kawaida ni ya okoume, mti unaotoka zaidi Gabon. Shiti ya mm 2440 kwa 1220 yenye unene wa mm 9 ina kilo 12 au 13 hivi, ilhali ya mti wa birch yenye vipimo hivyo hivyo inakaribia 18. Wepesi huo una gharama yake: okoume ikilowa huoza upesi. Kwa hiyo karibu kila agizo hapa chini lina shabaha mbili, kuzuia uzito usipande na kuzuia maji yasiufikie ubao. Kuunganisha vipande ni kazi ndogo ambayo hata asiyekuwa seremala ataiweza. Muda wako mwingi utaishia kwenye epoksi na msasa, na humo ndimo kazi inamoharibikia.

Nafasi na joto

Gereji ya gari moja inatosha, mradi uweze kulizunguka ganda pande zote. La muhimu ni joto. Epoksi inataka nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi, mchana na usiku, hadi ikauke. Chini ya nyuzi 15 inakuwa nzito, haipenyi kwenye ubao, na inaweza kukaa siku kadhaa bila kushika. Anayejenga wakati wa baridi Minnesota au Ontario atundike nailoni kutengeneza hema ndani ya gereji, aweke hita ya umeme. Hita ya gesi au mafuta ya taa usiitumie: moto wake unatoa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, na hivyo viwili vinaifanya epoksi itoe utando wa mafuta-mafuta juu yake.

Utahitaji drili yenye biti ya mm 2, koleo, klampu kumi au zaidi, mashine ya msasa ya mzunguko, rola za sponji, spachura, na glavu za naitraili boksi zima. Glavu si za usafi tu. Ngozi inayoguswa na epoksi mara kwa mara hujenga mzio, na mzio huo ukishakupata hauondoki. Ikikumwagikia, ifute kwa siki kisha osha kwa sabuni. Asetoni huiyeyusha na kuisaidia kuingia ndani ya ngozi.

Kushona

Anza na sakafu, iliyolazwa juu ya meza mbili zilizosawazishwa kwa pima maji. Vipande virefu huunganishwa kwanza kwa meno yaliyokatwa tayari. Paka epoksi kwenye meno, tandika nailoni chini na juu, weka ubao na mawe mazito. Ukisahau nailoni, kipande kitagandana na meza.

Kisha simamisha viambaza vya ndani, halafu kuta. Kama matundu hayakutobolewa kiwandani, toboa kila sentimita 10 hadi 15, mm 8 hadi 10 kutoka ukingoni. Waya uwe wa shaba, unene kama mm 1. Pitisha toka ndani, sokota nje. Usikaze hata mmoja mpaka zote ziwepo. Ukikaza mapema unavuta kipande upande na mwisho wake unabaki na pengo lisilofungika. Paa linaanza kushonwa katikati, kuelekea pembeni na nyuma, kwa sababu ubao unaopindwa unataka kurudi unyooke. Ukigoma kupinda, funika sehemu ya mviringo kwa taulo lenye maji ya moto kwa dakika chache, kisha uache ubao ukauke kabisa kabla epoksi haijakaribia.

Sasa simama upime. Pima mshazari wa sakafu, kona kwa kona, pande zote mbili: tofauti isizidi mm 3. Halafu weka fito mbili zilizonyooka kukingama juu ya kuta, moja mbele, moja nyuma, uchungulie kama zinalingana. Ganda lililojipinda hulioni kwa macho hadi siku ya kufunga mfuniko wa nyuma, pale kona moja inapokaa na nyingine kubaki juu kwa kidole kizima. Wakati huu unarekebisha kwa kabari chini ya mguu wa meza. Epoksi ikikauka, imekwisha.

Epoksi

Fundi wa bodi za magari aliyezoea resini ya poliesta ana jambo moja la kusahau. Kwenye poliesta, ukiongeza kikaushio kidogo inakauka haraka. Kwenye epoksi, kikaushio ni nusu ya mwitikio wenyewe. Kipimo kikizidi au kupungua, inabaki ikinata, na dawa yake ni kukwangua yote. Epoksi nyingi za seti hizi huchanganywa 2 kwa 1 kwa ujazo, nyingine 3 kwa 1 au 5 kwa 1. Soma kopo lako. Koroga dakika mbili kamili ukikwangua pembe za kikombe. Na usibadilishe epoksi kwa poliesta kwa sababu ya bei: haishiki mbao vizuri, na faiba itabanduka.

Changanya kidogo kidogo, ml 150 hadi 200. Nusu lita iliyokaa ndani ya kikombe hupata joto yenyewe, inachemka, inatoa moshi na kuyeyusha plastiki. Kama una kazi ya eneo kubwa, mimina mara moja kwenye trei pana. Ikitandazwa, joto linatoka.

Kwanza weka madoa ya epoksi nzito katikati ya waya na waya, upande wa ndani, bila kuufunika waya wowote. Yakikauka, kata waya na uzing'oe. Uliogoma upashe moto kwa chuma cha kulehemu risasi hadi epoksi inayoushika ilegee. Baada ya hapo ndipo unajaza pembe zote: epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ikisawazishwa kwa spachura yenye ncha ya duara ya nusu kipenyo cha mm 20 hivi. Pembe kubwa zaidi ya hapo haiongezi nguvu yenye maana; inaongeza kilo. Safisha kingo ikiwa mbichi. Dakika tano za kukwangua sasa zinaokoa saa nzima ya msasa baadaye.

Faiba

Nje, vika kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, na chini ya sakafu pia, maana huko mawe ya barabarani yanapiga. Tandika kikiwa kikavu, kilainishe kwa mkono, mimina epoksi na uisukume kwa spachura toka katikati kwenda kando. Kitambaa kiwe angavu kama kioo, kisionekane cheupe, na nyuzi zake ziendelee kuhisika kwa kidole. Panapong'aa sana, kitambaa kinaelea juu ya epoksi isiyo na kazi. Koti moja lisilo la lazima lenye gramu 100 kwa mita, kwa ganda la mita 15 za mraba, ni kilo moja na nusu.

Paka jioni, joto likishuka. Ubao unaopashwa na jua la asubuhi unasukuma hewa iliyomo ndani yake, na utaona vipovu vimejaa chini ya faiba. Ubao unaopoa unavuta epoksi ndani.

Makoti mawili au matatu ya kujaza nyuzi yafuatane kabla lililotangulia halijakauka kabisa, likiwa linashika kidole bila kukichafua. Hivyo yanaungana bila msasa. Ukichelewa, osha kwanza kwa maji na sponji ngumu, ndipo upige msasa. Anayepiga msasa bila kuosha anausugua ule utando wa mafuta-mafuta ndani ya mikwaruzo, na vanishi itakuja kujikunja na kuacha macho-macho. Namba 80, kisha 120, kisha 220. Vaa barakoa ya vumbi hata kama umechoka nayo. Ukianza kuona nyuzi za faiba zikitokeza, acha, umefika mbali mno.

Epoksi haivumilii jua. Lazima ifunikwe kwa rangi, au kwa vanishi yenye kinga ya miale ya jua. Vanishi juu ya okoume inapendeza sana, lakini itataka koti jipya mara kwa mara. Paa tulipake rangi nyeupe au ya maziwa. Rangi nyeusi juani hulainisha epoksi na michoro ya kitambaa hujitokeza juu.

Matundu

Milango miwili, mfuniko, dirisha la hewa la paani (Marekani Kaskazini kipimo cha kawaida ni cm 36 kwa 36), taa, bawaba: kila skrubu ni njia ya maji. Skrubu ya mm 5 isitobolewe kwa biti ya mm 5. Toboa kwa mm 9, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa upya katikati yake. Sasa skrubu imezungukwa na epoksi, na hata gundi ya kuzuia maji ikichoka ubao haulowi. Hii ndiyo kazi inayorukwa zaidi, na weusi unaoonekana chini ya vanishi kuzunguka bawaba ndiyo matokeo yake.

Pengo kati ya mlango na fremu liwe mm 3 kabla ya rangi, kwani rangi itakula karibu mm 1 kwa jumla. Mpira wa kuzuia maji uwe unaobonyezeka. Mgumu unausukuma mlango nje.

Godoro likiwekwa juu ya plaiwudi tupu hulowa kwa pumzi za walalao na kuota ukungu chini. Weka fito au mkeka wa kupitisha hewa. Jiko liwashwe nyuma, mfuniko ukiwa wazi, kamwe si ndani, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya chumba.

Trela

Epuka trela yenye matairi ya inchi 8. Beringi zake huzunguka haraka mno kwenye barabara kuu. Inchi 12 ndiyo ya kuanzia. Angalia na springi: zilizotengenezwa kubeba kilo 700 chini ya ganda jepesi hazibonyei kabisa, na mtikisiko wote unaishia kwenye skrubu. Funga ganda kwa bolti zinazopita sakafu nzima, zenye bamba pana ndani na kipande cha mpira kati ya sakafu na chuma.

Kwenye plagi ya waya nne ya Marekani, mweupe ni arthi, kahawia taa za nyuma, njano kushoto, kijani kulia. Taa zikifanya vioja, mara nyingi ni ule mweupe uliofungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu.

Pakia vitu vyote, kisha weka mizani ya bafuni chini ya mkono wa trela ukiwa umesawazika. Isome asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote: kwa kilo 350, ni kilo 35 hadi 52. Ikiwa chini ya hapo trela itayumba kwa kasi, na jiko zito la nyuma ndilo linaloleta tatizo hilo. Sogeza betri na maji mbele.

Baada ya kilomita 80 za kwanza simama, kaza nati za magurudumu, na usogeze mkono karibu na vikombe vya beringi. Kuwa vuguvugu ni sawa. Ikiwa ni moto usioshikika, beringi imekazwa kupita kiasi au haina grisi, na hapo hapo ndipo safari inasubiri.