Jinsi ya kuchagua tabaka za kuzuia maji chini ya dampo jipya

Hatua ya 1: Pima udongo wa pale pale. Kabla ya kuagiza plastiki itakayotandikwa juu ya udongo, chimba mashimo ya majaribio na upeleke sampuli maabara. Udongo wa mfinyanzi unaofaa huwa na chembe laini zisizopungua asilimia 30, na kipimo chake cha unyumbufu (tofauti ya asilimia ya unyevu kati ya udongo unapoanza kufinyangika na unapoanza kutiririka) huwa kati ya 10 na 30 hivi. Ukizidi hapo unanata, unafanya mabonge, na ukikauka unapasuka. Ukishindiliwa, usipitishe maji kwa kasi inayozidi mita 1×10⁻⁹ kwa sekunde.

Hatua ya 2: Shindilia udongo ukiwa na unyevu. Unene wa kawaida ni sentimita 60, kwa matabaka ya sentimita 15. Unyevu uwe asilimia 2 hadi 4 juu ya ule unaotoa mshindilio mkubwa kabisa maabara. Wakandarasi waliozoea barabara hukosea hapa: hushindilia udongo mkavu, wakapata uzito mzuri kwenye vipimo, lakini mabonge hayakuvunjika na maji yanapita katikati yake. Tumia rola yenye meno marefu yanayofika tabaka la chini. Lifunike mapema, jua la mchana mmoja linatosha kulipasua.

Hatua ya 3: Mfinyanzi ukikosekana, fikiria mkeka wa bentonaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa, uliobanwa kati ya vitambaa. Una unene wa milimita chache tu, kwa hiyo jiwe moja lenye ncha huutoboa. Pima pia kalisi katika udongo na maji: kalisi huiondoa sodiamu ya bentonaiti, nayo ikapoteza nguvu ya kuvimba. Mkeka uliolowa mvua kabla ya kufunikwa, uondoe.

Hatua ya 4: Chagua plastiki. Kwa sakafu, HDPE (polithini nzito na ngumu) ya milimita 1.5 yenye masizi asilimia 2 hadi 3 ya kuikinga na jua. LLDPE (polithini laini zaidi) hunyumbuka zaidi, hivyo inafaa kifuniko cha juu, ambako taka hushuka bila usawa. Kwenye kuta tumia yenye uso wa kukwaruza. Mteremko wa 1 kwa 3 una nyuzi 18 hivi, na plastiki laini juu ya mfinyanzi uliolowa huteleza hata kabla mteremko haujafika nyuzi hizo. Agiza kipimo cha msuguano kwa kila jozi ya tabaka zinazogusana.

Plastiki lazima ilalie udongo kabisa. Tundu likiwa juu ya udongo mzuri huvujisha kidogo sana. Likiwa kwenye kunjo, maji hutambaa chini ya kunjo lote. HDPE hutanuka sana kwa joto, kwa hiyo ifunike asubuhi, ikiwa bado imepoa na kunyooka.

Hatua ya 5: Juu ya plastiki weka jiotekstaili nene (kitambaa imara cha kuikinga), kisha kokoto za duara na mabomba, ili maji machafu yanayochuja kutoka kwenye taka yasisimame zaidi ya sentimita 30. Maungio ya plastiki yaliyochomelewa kwa mistari miwili yapimwe kwa kujaza hewa kwenye mfereji ulio kati ya mistari hiyo. Kokoto zikishamwagwa, tafuta matundu ya plastiki kwa umeme, kwa sababu mengi hutobolewa na mashine zinazozisambaza.