Visome Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kalenda

Kila mwaka wanafunzi wangu huingia darasani na orodha ileile: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ugomvi wa makoloni, uzalendo uliopita kiasi, na mwishoni risasi za Sarajevo. Hakuna cha uongo humo. Shida ni kwamba orodha hiyo ilikuwa kweli vilevile mwaka 1911, Ufaransa na Ujerumani zilipovutana juu ya Morocco, na vita havikutokea. Mwaka 1908 Austria-Hungary iliitwaa Bosnia moja kwa moja, Urusi ikaghadhibika, kisha ikanywea. Mwaka 1912 na 1913 nchi za Balkani zilipigana mara mbili, na mataifa makubwa yakajizuia. Basi anayetaka kukielewa chanzo cha vita hivi aanze na swali gumu zaidi: kwa nini mwaka 1914 hakuna aliyerudi nyuma?

Ninavyofundisha mimi ni hivi. Chukua karatasi kubwa, uichore safu sita, kila moja na mji wake: Vienna (Austria-Hungary), Belgrade (Serbia), Berlin (Ujerumani), St Petersburg (Urusi), Paris, London. Pembeni shusha tarehe, kuanzia 28 Juni hadi 6 Agosti 1914. Katika kila kisanduku andika kilichoamuliwa katika mji huo siku hiyo, na jina la aliyeamua. Kwenye karatasi hii sikubali sentensi kama "Ujerumani ilitaka vita." Nani Ujerumani? Kaisari Wilhelm II, Chansela Bethmann Hollweg na Jenerali Moltke, mkuu wa majeshi, hawakutaka jambo moja kila siku, na nafasi iliyokuwa kati yao ndimo vita vilimopenyea.

Angalizo moja kabla hujaanza kujaza. Urusi ya wakati ule ilifuata kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Ukikuta hati ya Kirusi ya 17 Julai, kwa wengine hiyo ni 30 Julai. Wanaosahau hili huishia kuandika kwamba Urusi iliita majeshi yake kabla Serbia haijapewa hata masharti na Austria, na hoja yao yote inaporomoka.

Sasa jaza. Tarehe 28 Juni, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia mwenye miaka 19, anamuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungary, pamoja na mkewe Sophie. Baada ya hapo utaona visanduku vingi vitupu. Masharti ya Austria kwa Serbia, iliyolaumiwa kwa mauaji hayo, hayatolewi hadi 23 Julai, karibu mwezi mzima baadaye. Usiviruke visanduku hivyo vitupu. Waziri Mkuu wa Hungary, István Tisza, alipinga vita hadi 14 Julai. Askari wengi walikuwa likizo wakisaidia mavuno. Na Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa ziarani St Petersburg. Vienna ilisubiri aanze safari ya kurudi, ili Wafaransa na Warusi wasipate nafasi ya kushauriana ana kwa ana. Watu wenye hasira tu hawapangi saa kwa namna hiyo. Huo ulikuwa uamuzi uliokokotolewa, nao uliwagharimu, kwa sababu huruma ya Ulaya kwa marehemu ilikuwa imekwisha kupoa.

Ndani ya kipindi hicho kuna kisanduku kimoja cha kuzungushia wino mwekundu: Berlin, tarehe 5 na 6 Julai. Kaisari, kisha Chansela wake, waliiahidi Austria kwamba Ujerumani itasimama nayo hata Urusi ikiingilia. Hawakuuliza itachukua hatua gani wala lini. Halafu Kaisari akapanda meli yake kwenda kupumzika pwani ya Norway.

Siku ninayokaa nayo kuliko zote ni 28 Julai. Serbia ilikuwa imejibu tarehe 25, ndani ya saa 48 ilizopewa, ikakubali karibu kila kitu isipokuwa maofisa wa Austria kushiriki katika uchunguzi wa kimahakama ndani ya ardhi yake. Wilhelm aliyasoma majibu hayo asubuhi ya tarehe 28, akaandika kwamba sababu yote ya vita imeondoka. Akapendekeza Austria iishikilie Belgrade tu kama rehani, kisha wazungumze. Chansela wake aliufikisha ujumbe huo kwa kuchelewa na akiwa ameupunguza makali. Siku hiyohiyo Austria ilitangaza vita. Mwambie mwanafunzi aandike ukurasa mmoja juu ya siku hiyo peke yake, na ataelewa zaidi kuliko akiandika insha nzima kuhusu "miungano."

Kutoka hapo mambo yanakimbia. Tarehe 29 Tsar Nicholas II anaamuru majeshi yote ya Urusi yakusanywe, jioni anaifuta amri baada ya kupata simu ya maandishi kutoka kwa Wilhelm, na tarehe 30 waziri wake wa mambo ya nje, Sazonov, anamshawishi airudishe. Kwa majenerali wa Berlin amri hiyo ilikuwa saa iliyoanza kuhesabu, kwani mpango wao ulitaka Ufaransa ipigwe kwanza, kupitia Ubelgiji, kabla Urusi haijamaliza kujipanga. Tarehe 1 Agosti Wilhelm, akidhani Uingereza itakaa kando, alimtaka Moltke ageuze majeshi yote yaelekee mashariki. Moltke akamjibu haiwezekani. Ratiba za treni zilikwisha kupangwa. Tarehe 4 Wajerumani waliingia Ubelgiji, nchi iliyohakikishiwa usalama wake kwa mkataba wa 1839, na Uingereza ikaingia vitani.

Angalia pia hili ambalo karatasi italionyesha bila wewe kusema neno: Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti, na Austria, mwenye ugomvi hasa, ikafanya hivyo tarehe 6.

Karatasi ikishajaa, ndipo urudishe ile orodha ya sababu za muda mrefu. Kila sababu itafute kisanduku cha kuingia. Miungano? Italia ilikuwa imefungamana na Ujerumani na Austria tangu 1882, ila mwaka 1914 ilikaa kando, na Mei 1915 ikaishambulia Austria. Kwa hiyo mkataba peke yake haukumburuta mtu; lazima uonyeshe nani aliamua kuutii na kwa nini. Mashindano ya silaha yanaingia vizuri zaidi: Urusi ilikuwa na mpango wa kulikuza jeshi lake ambao ungekamilika 1917, na hofu ya Moltke kwamba kila mwaka unaopita unamdhoofisha ilikaa chumba kimoja na uamuzi. Makoloni nayataabikia. Juni 1914 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeelewana juu ya reli ya Baghdad, suala lililowasumbua miaka mingi. Ugomvi wa makoloni ulijenga kutoaminiana, lakini sijapata kisanduku cha Julai ambamo uliamua kitu, na mwanafunzi anayedai upo namwomba anionyeshe tarehe.

Kuhusu hati. Vita vilipoanza, kila serikali ilichapisha mkusanyo wa barua zake ili kujisafisha, na mikusanyo hiyo ilichujwa. Ule wa Wafaransa uliigeuza taarifa kutoka St Petersburg ili ionekane Urusi iliitikia hatua ya Austria. Kwa kila hati andika pembeni iliandikwa lini na ilikusudiwa kusomwa na nani. Mfano bora ni orodha ya madai ya ushindi aliyoiidhinisha Bethmann Hollweg tarehe 9 Septemba 1914. Mwaka 1961 mwanahistoria wa Ujerumani Fritz Fischer aliitumia kuonyesha kwamba Ujerumani ilikuwa na malengo ya kujitanua, na nchi nzima ikatikisika kwa mabishano. Ila orodha ile iliandikwa zaidi ya mwezi baada ya vita kuanza. Je, inafichua kilichotakiwa tangu mwanzo, au ni tamaa iliyoamshwa na ushindi wa wiki za kwanza? Itetee kila hoja kwa nguvu zako zote kabla hujachagua. Mimi nimechagua: mzigo mzito kuliko yote uko Vienna na Berlin, kwa sababu ya ile ahadi ya 5 Julai, na St Petersburg inafuata. Ukiniletea visanduku vinavyosema vingine, nitavisoma.

Matokeo nayo yana mtego wake, kwa sababu watu huweka kila kitu kilichofuata baada ya 1918 kwenye kapu moja. Yagawe: yaliyoletwa na mapigano yenyewe, yaliyoletwa na mikataba, na yaliyoletwa na maamuzi ya watu baadaye.

Kwenye fungu la kwanza weka askari waliokufa, wanaokadiriwa kati ya milioni 9 na 10, na kuanguka kwa dola nne: Urusi, Austria-Hungary, Ujerumani na ile ya Waturuki wa Osmani. Fuata mpangilio wa mwisho kwa tarehe pia. Bulgaria iliacha kupigana 29 Septemba 1918, na siku hiyohiyo Jenerali Ludendorff wa Ujerumani aliiambia serikali yake iombe mapigano yasitishwe. Osmani ilifuata 30 Oktoba, Austria 3 Novemba, Ujerumani 11 Novemba. Aliyetia saini upande wa Ujerumani alikuwa raia, Matthias Erzberger. Majenerali waliodai vita visimamishwe baadaye walieneza uongo kwamba jeshi halikushindwa, lilisalitiwa na raia, na mwaka 1921 Erzberger akauawa. Ukiiweka 29 Septemba kwenye karatasi yako, uongo huo hauna pa kukaa.

Fungu la pili ni mkataba wa amani wa Versailles, 28 Juni 1919. Ujerumani ilipoteza takribani asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya na makoloni yake yote, na jeshi lake likawekewa kikomo cha watu 100,000. Fidia iliyotajwa mwaka 1921 ilikuwa marki bilioni 132 za dhahabu, ingawa bilioni 82 kati yake ziliwekwa kando kwa masharti ambayo wengi hawakuamini yangetimia. Anayeandika 132 bila kueleza hilo hajaisoma fidia.

Kisha wanafunzi huchora mshale kutoka Versailles hadi Hitler. Nauzuia kwa mwaka mmoja: 1928. Mkataba ulikuwa na umri wa miaka tisa, na chama cha Hitler kilipata chini ya asilimia 3 ya kura. Julai 1932, baada ya mdororo mkuu wa uchumi, kilipata asilimia 37. Mshale wako lazima upite hapo katikati na useme kilichobadilika ni nini.

Na usiifunge karatasi ya matokeo kwenye mipaka ya Ulaya, kosa ambalo vitabu vingi vinalifanya. Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki, alijisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, katika vita ambavyo hakuna kisanduku kimoja cha Julai 1914 chenye jina lao. Baadaye Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, Rwanda na Burundi zikapewa Ubelgiji, Kamerun na Togo zikagawanywa kati ya Uingereza na Ufaransa, yote kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Wapolandi na Wacheki walikubaliwa kuwa na nchi zao. Waafrika hawa hawakuulizwa. Afrika ya Kusini Magharibi ilikabidhiwa Afrika Kusini, nayo haikuwa huru hadi 1990, kwa jina la Namibia. Chora mstari huo wote, hadi mwaka huo, hata kama karatasi itabidi uiongezee kipande.