SOMO: Safari ya kikundi, Nairobi hadi Watamu kupitia Tsavo (soma yote kabla ya kuuliza)

Maswali kuhusu safari hii nimeyajibu kwa simu mpaka nimechoka, mengine saa nne usiku. Kuanzia leo nitawatumia watu somo hili. Sisi husafiri watu 12, majirani na jamaa, na Watamu, huko pwani karibu na Malindi, tumekwenda mara nne.

1. Panga tarehe kwa kutazama mwezi wa angani, si kwa kutazama siku ya mshahara. Sababu iko hatua ya 6.

2. Mchango ukusanywe na mtu mmoja kwa M-Pesa. Ambaye hajamaliza wiki mbili kabla ya safari, anabaki.

3. Gari la viti 14 kwa watu 12. Viti viwili ni vya mizigo. Dereva awe amezoea barabara za murram.

4. Ondokeni Nairobi saa kumi alfajiri. Hadi Voi ni kama kilomita 330. Ada ya mbuga ya Tsavo Mashariki lipeni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, mkiwa bado nyumbani, maana langoni hawachukui pesa taslimu. Kila mtu abebe kitambulisho. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni maji kwenye mtungi.

5. Ingieni lango la Voi, mpite bwawa la Aruba, kisha mfuate mto Galana hadi lango la Sala, mtokee Malindi. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu hujimwagia vumbi la udongo ule. Tuliona mmoja ametoka kuoga bwawani: tumbo jeusi linalong'aa, mgongo ungali mwekundu kama tofali.

6. MAJI. Hapa ndipo nilipokosea, na ningeweza kupoteza mtoto wa dada yangu.

Mwaka wa kwanza tulifika mwezi ukiwa mpevu. Asubuhi tukakuta bahari imerudi mbali, miamba iko nje, kila kidimbwi kina kaa na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota. Tukatembea kuifuata bila kumuuliza mtu. Mchana ukakaribia, na mpwa wangu wa miaka tisa akasema, "Mjomba, maji yanatoka nyuma." Mbele yetu bahari ilikuwa imetulia. Lakini mfereji tuliouvuka mkavu, kati yetu na ufuo, ulikuwa umeanza kujaa. Tulipoufikia, maji yalimfika mtoto kiunoni, na yalikuwa na nguvu ya kumvuta. Wavuvi wawili wenye ngalawa walituvusha kwa zamu. Hawakutugombeza. Mmoja aliuliza tu kama hatukujua kwamba ni bamvua.

Sasa jueni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari pamoja: hiyo ndiyo bamvua. Kati ya kupwa na kujaa tofauti hupita mita 3. Pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Tofauti ni ndogo, na saa zile zile za asubuhi maji huwa yamejaa. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Tembeeni wakati maji yanakupwa, na mrudi KABLA hayajageuka. Msingoje kuyaona yakirudi, kwa sababu mifereji hujaa kwanza, na mifereji iko nyuma yenu.

7. Mashua: nahodha ndiye anayepanga saa, si nyinyi. Hifadhi ya bahari ya Watamu ipo tangu 1968 na ina ada yake. Msikanyage matumbawe, wala msimtoe kiti cha pweza majini ili mpige picha.

MASWALI

Jirani wa Ruaka: Ada inalipwaje?
Jibu: Hatua ya 4.

Mama Wawili: Je, tukienda kwa treni?
Jibu: Swali zuri. Treni ya moja kwa moja itawashusha Miritini, pembeni mwa Mombasa, na kutoka hapo hadi Watamu ni zaidi ya kilomita 100. Lakini ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani inafika Voi. Shukeni hapo, gari liwapokee, muingie mbugani. Watoto watafurahia dirisha kuliko barabara ya malori.

Kijana wa Umoja: Unatisha watu bure. Nimeogelea Watamu miaka yote na sijaona shida.
Jibu: Nami sikuiona hadi siku ile. Nilimshika mtoto mkono ndani ya yale maji. Sitafuta hata neno moja.

Binti Mto: Nyangumi huonekana lini?
Jibu: Kati ya Julai na Septemba hupita nyangumi wenye nundu, wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa. Ila huo ni msimu wa kusi, bahari huchafuka na kuna siku mashua hazitoki. Mkitaka maji maangavu ya kutazama samaki, ngojeni kaskazi, Desemba hadi Machi. Mkiwa huko ingieni msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri. Kuna sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na rangi ya dhahabu nyuma. Kaeni kimya, mtamsikia kwenye majani makavu kabla ya kumwona.

Mkaazi wa Kasarani: Tumeshalipa na tarehe imeangukia mwezi mpevu. Tufanyeje?
Jibu: Msiahirishe. Asubuhi nendeni magofu ya Gede, ule mji wa kale, yana kivuli. Anayetaka kuona miamba aondoke saa tatu na mvuvi wa hapo, mumlipe, na akisema turudi, mrudi. Kuogelea kuwe alasiri. Na vaeni viatu vya mpira vya kufunga, si ndala. Ndala hunasa kwenye mwamba.