Jinsi ya kuzuia PS (PlayStation) na PC isichemke kwenye joto la Dar

Wadau, joto hili la Januari mashine inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto, so kwanza itoe PS kwenye kabati la TV, iachie nafasi kama shubiri moja nyuma na pembeni, na kile kitambaa cha kufunikia toa kabisa. PC ni rahisi, unafungua ubavu unapiga bloa huku umeshika feni kwa kidole isizunguke, programu ya kupima joto ikionyesha prosesa (chipu kuu) inakaa juu ya digrii 90 muda mrefu na vumbi umeshatoa, badilisha pesti, ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto. PS4 nayo ina pesti, ila PS5 badala yake wameweka metali ya majimaji, inapitisha umeme, ikigusa bodi imekula kwako! We ishia kutoa kava na kusafisha vumbi, zaidi ya hapo mpe fundi anayeijua kweli. Na msidhani konsoli (mashine za gemu kama PS) haziungui jamani, Xbox 360 ziliwaka taa nyekundu za kuonyesha zimekufa, mpaka 2007 Microsoft ikaongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka 3. Konsoli haikuonyeshi digrii, feni ikianza kupiga kelele kuliko kawaida pumzisha gemu ukasafishe.